Mpigaji Asiyepiga, na Sisi Tuliompa Mgongo

Kwanza niwatoe ndoto moja, nyinyi mnaokuja hapa kwangu Webuye na pasipoti mpya mkononi kuniuliza habari za ulinzi Dubai. Mlinzi wa uwanja wa michezo haoni mchezo. Anasimama amewapa wachezaji mgongo, macho kwa watazamaji, tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Yanayotokea nyuma yake anayajua kwa sauti na kwa nyuso za watu. Mimi nilimalizia kazi hivyo, misimu miwili kwenye uwanja wa besiboli pembezoni mwa jiji, na ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote nilizofanya katika miaka kumi na tisa ya kuishi kule. Ndiyo pia niliyoiharibu. Nitafika huko, msinisukume.

Besiboli wengi wenu hamuijui, na msijifanye mnaijua kwa sababu mmevaa kofia yake. Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu mmoja anasimama na rungu. Mwingine, hatua kadhaa mbele yake, anamrushia mpira mgumu kwa nguvu zake zote. Mwenye rungu anaweza kuupiga au kuuacha. Akiuacha mpira mzuri, uliopita pale unapotakiwa kupita, anahesabiwa kosa. Akipiga hewa, ni kosa pia. Makosa matatu, anarudi kukaa. Lakini akiuacha mpira mbaya, uliokwenda pembeni, hana kosa, na akirushiwa mibaya minne anaruhusiwa kutembea hadi kituo cha kwanza bila kupiga chochote. Hapo penye kutembea ndipo palipotugombanisha.

Ligi ile ilikuwa mpya, na ilikuwa imeleta wachezaji wa majina makubwa kutoka ng'ambo. Mmoja wao alikuwa mpigaji nyota, picha yake imebandikwa kwenye kila nguzo ya kuegeshea magari. Sisi walinzi tulimwita Bado. Mrushaji anarusha, yeye anatazama. Anarusha tena, yeye anatazama. Ukimuuliza mtu yeyote uwanjani kama amepiga, jibu ni bado. Halafu ghafla unaona amewekewa mibaya minne, anaweka rungu chini kwa adabu na kutembea zake, na watu wanapiga makofi. Makofi kwa kutembea.

Mimi nilitoka nyumbani nikijua rungu ni la nini. Kwetu bawabu akipewa rungu, tunatarajia siku moja litafanya kazi. Huyu alikuwa amepewa rungu zuri limepakwa vanishi, amevalishwa glavu, ana mtu wa kumkanda mabega na mwingine wa kumpimia chakula, halafu anasimama pale kukagua mipira kama ofisa wa forodha. Nilimsema kila siku. Nilimsema kuliko wachezaji wote, na sikuwa nimemwona akicheza hata mara moja.

Bunge letu liliketi kwenye kontena la kupumzikia, nyuma ya uwanja, chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi, chapati za jana. Wabunge wa kudumu tulikuwa watatu. Wa kwanza mimi, Sospeter, kituo cha sita, mzee kuliko wote. Wa pili Khamis, Mzanzibari wa miaka hamsini na kitu, ambaye hakuwa mlinzi bali fundi wa udongo. Kazi yake ilikuwa kuuchana ule udongo mwekundu wa uwanjani, kuunyunyizia maji na kuchora mistari ya chaki. Kwa hiyo Khamis alikuwa ndani, upande wa pili, na mchezo aliuona wote.

Wa tatu alikuwa Mwende, Mkamba wa Kitui, kituo cha saba, jirani yangu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na jicho la kumjua mwizi wa kiti kabla hajaketi. Kampuni ilikuwa imemwandikisha kufanya mtihani wa usupavaiza mwezi uliofuata, na angefaulu angekuwa mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kushika redio ya supavaiza pale. Alisoma kwenye basi la wafanyakazi, kitabu magotini, sisi wengine tukikoroma. Katika bunge yeye ndiye alikuwa spika, kwa sababu mimi na Khamis hatukuaminiana.

"Mtu analipwa apige," nilisema siku moja. "Hapigi. Kwetu angeshafukuzwa."

"Hapigi kwa sababu haujaja wake," Khamis akajibu, akipuliza chai. "Mie namwona mazoezini. Mpira ukitoka mkononi kwa mrushaji, jicho lake lishaushika. Ajua huu si wangu, auacha. Wewe wataka apige kila kitu, kama mtu afukuza nzi?"

"Nataka afanye kazi."

"Kuacha ndo kazi yenyewe, bwana. Kupiga hata mie nitapiga."

"Na kutembea hata mimi natembea. Natembea kutoka kwenye basi hadi kituoni kila siku na hakuna anayenipigia makofi."

Mwende akainua kikombe chake, ambacho ndicho kilichokuwa rungu la spika. "Mzee, swali moja. Umewahi kumwona Bado akicheza?"

"Nimemsikia," nikasema.

Alicheka mpaka chai ikamwagikia kitabu cha mtihani. Lakini nilikuwa na ushahidi wangu. Nilikuwa na nyuso mia tatu mbele yangu, na kila Bado alipoacha mpira, nyuso nyingi zilikunjamana. Familia za Kifilipino zilikuna vichwa. Vijana wa Kipakistani waliokuja kwa mazoea ya kriketi waliguna kabisa. Kweli, alikuwepo Mmarekani mmoja mzee, safu ya tatu, miwani inayoakisi kama kioo cha kujitazamia, ambaye kila Bado alipoacha mpira aliitikia kwa kichwa, ameridhika kama mtu aliyeonja mchuzi akaukuta umekolea. Na Mjapani mmoja na mkewe, hao nao waliandika kitu kwenye daftari. Kwa kifupi, walioujua mchezo walikubali na wasioujua waliguna, na mimi nikajiunga na walioguna kwa sababu walikuwa wengi. Vijana, msicheke. Nusu ya mambo mnayoyaamini mmeyapata kwa njia hiyo hiyo.

Khamis ndiye aliyeniweza. "Hebu nikuulize. Watu wangapi washapita mbele yako msimu huu?"

"Maelfu."

"Umewakamata wangapi?"

"Hakuna."

"Umewaacha wote wamepita. Basi Bado ni wewe, isipokuwa wewe hawakubandiki kwenye nguzo."

Nilijifanya redio inaniita, nikatoka.

Uchungu wa maneno yale ni kwamba nilikuwa nimefundishwa hayo hayo miaka mingi kabla, na kwa aibu. Nilipofika Dubai mara ya kwanza niliwekwa mlango wa nyuma wa hoteli moja mtaa wa Al Garhoud. Wiki ya tatu, asubuhi na mapema, nikaona mtu wa fulana na gunia anaruka ukuta. Sikuuliza. Nilimrukia, nikamlaza chini, nikamkalia. Nilimkalia robo saa nzima nikisubiri sifa. Meneja alipokuja alinikuta nimemkalia mpishi wake wa mikate, aliyesahau kadi ya mlangoni, na gunia lilikuwa la unga. Asubuhi ile wageni walikula matunda tu.

Aliyeniokoa nisifukuzwe alikuwa Mnepali mmoja, Thapa, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mkimya. Alinichukua kwenye zamu yake mwezi mzima. Alinifundisha kutazama mikono na viatu kabla ya uso, kwa sababu uso umezoea kudanganya na viatu havijui. Alinifundisha kusimama: uzito mguu huu, kisha ule, magoti yasikazwe, soksi pea mbili, maji mafunda madogo madogo, usinywe chupa nzima kwa pupa ukajikuta unacheza ngoma mbele ya wageni. Na alinifundisha kwamba kazi ya mlinzi ni kuacha watu wapite. Watu elfu wanapita, unawaacha. Yule wa elfu na moja ndiye wako, na ukimkosa huyo, wale elfu hawahesabiki. Nililikariri neno hilo miaka kumi na tisa. Nimelifundisha kwa walinzi wapya, nikiwa nimeweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Kulikariri na kulijua ni vitu viwili, kama mtakavyoona.

Mambo yalibadilika sana baadaye. Pale hotelini tuliandika kila kitu kwenye daftari kubwa, na mlinzi mwenye mwandiko mzuri alipendwa kuliko mlinzi shujaa. Nilipohamia mnara mmoja kule Dubai Marina, daftari likawa kibao cha kioo, na doria ikawa kugusisha kibao kwenye vibati vilivyobandikwa ukutani, ili kompyuta iamini kwamba miguu yako ilifika. Pale Marina nilimpongeza madam mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto. Nikainama kumwangalia mtoto, nikabwekewa. Madam hakukasirika. Alisema, "Thank you, he is two." Tangu siku hiyo sijampongeza mtu kwa chochote kabla sijaona.

Sasa turudi uwanjani, kwenye kitu ambacho hakipo kwenye kompyuta yoyote. Sisi walinzi tuna desturi ya kushikiana. Kwa kanuni, ukitaka kutoka kituoni, hata kwenda msalani, unaita kwa redio, unasubiri mtu wa akiba, unaandikwa. Mtu wa akiba huja baada ya dakika ishirini, akija. Kwa hiyo unamgeukia jirani unasema, "Nishikie." Yeye anajibu, "Nimeshika." Basi. Tangu hapo kituo chako ni chake, na likitokea la kutokea, aliyeshika ndiye anayejitaja. Uliyemwachia humtaji wewe. Bila sheria hiyo hakuna mlinzi ambaye angeweza kuswali, kunywa maji wala kujisaidia katika mji mzima wa Dubai. Mwende aliifahamu sheria hiyo vizuri. Nilimfundisha mimi, wiki yake ya kwanza.

Kati ya kituo changu na chake palikuwa na geti dogo la chuma, la mafundi kuingilia uwanjani. Kwenye orodha geti lilikuwa la kituo cha saba. Siku ninayoisema ilikuwa mechi ya alasiri, majira ya baridi, jua jepesi, uwanja umejaa. Mwende akanijia kwa hatua za haraka.

"Mzee, nishikie geti. Kuna mama hapa juu hawezi ngazi, anatetemeka. Nampeleka kivulini."

"Nimeshika," nikasema.

Akapanda. Nikasogea hatua mbili kuelekea getini, mgongo uwanjani, kama inavyotakiwa. Mara nyuso zikanyamaza. Sijui niwaelezeje. Watu mia tatu hawanyamazi pamoja hata kanisani. Yule mzee Mmarekani alikuwa ameinama mbele, na kwenye kioo cha miwani yake niliweza kuusoma ubao wa matokeo, kinyumenyume. Bado alikuwa na mibaya mitatu na makosa mawili. Mpira unaokuja ndio wa kuamua. Asubuhi ile kwenye kontena nilikuwa nimeapa kwamba Bado hawezi kupiga hata akitishiwa bunduki, na Khamis akasema utaona. Mke wa yule Mjapani akaweka mikono mashavuni.

Nikageuka.

Misimu miwili sikuwahi kugeuka. Nilimwona Bado kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi kuliko kwenye nguzo, ana kitambi kidogo, anatafuna kitu. Mrushaji akajikunja, akaufyatua. Na Bado, wanangu, akautazama mpira ukipita. Hakupiga. Ulikuwa mbaya, wa nne, umepita pembeni kwa upana wa kidole. Akaweka rungu chini kwa adabu na kuanza kutembea. Hicho ndicho nilichokiona kwa dhambi yangu moja: mtu anatembea.

Nikasikia upepo ubavuni. Kijana mmoja mwenye uso uliopakwa rangi alikuwa ameshafungua geti na yuko kwenye udongo mwekundu, simu juu, anapiga kelele za furaha. Alimkumbatia Bado kabla mtu hajamfikia. Hakuna aliyeumia. Bado mwenyewe alimpigapiga mgongoni akingoja watu waje kumtoa, bila haraka, kama ilivyo kawaida yake. Mechi ilisimama dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeshageuka kuwatazama watu wangu, kifua mbele, uso wa chuma. Mwende alishuka ngazi mbio, mikono bado imekunjwa kama amemshika yule mama, akakuta geti wazi.

Kabla jua halijazama video ya yule kijana ilikuwa kwenye simu za watu wote. Ilianzia getini. Ilionyesha kituo cha saba, kitupu. Mimi sikuonekana, nilikuwa nyuma ya simu.

Supavaiza wetu, Biju, Mhindi wa Kerala, alitukusanya palepale. Alikuwa amewaka hasira. "Geti lilikuwa na nani?" Mwende akasema, "Nilikuwa nimemwachia mwenzangu, sir." Biju akauliza, "Nani?" Mwende akatazama chini, hakunitazama mimi, ili asinitaje hata kwa jicho. Nami nikajiambia: Biju amekasirika, huu si wakati mzuri. Nikaacha ukapita.

Kesho yake kwenye basi Biju alikuja kuketi kando yangu. Alikuwa ametulia, kiti cha mbele yetu kitupu, wa nyuma yetu amelala. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sospeter, wewe ni mkubwa wao. Huyu dada ni mzuri kazini. Kama kuna kitu niambie, nitajua la kufanya." Mpira haujawahi kurushwa mzuri hivyo, polepole, katikati kabisa. Nikamjibu, "Inshallah ukweli utajulikana, sir." Inshallah. Mkristo mzima, mzee wa kanisa Webuye, nikalitumia jina la Mungu kama mwavuli.

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nimalize mkataba na kurudi nyumbani na kiinua mgongo changu. Nitawaambieni wazi kwamba niliogopa. Niliogopa kurudi na faili chafu baada ya kujisifu kwenye kila arusi niliyohudhuria likizo. Lakini wakati ule sikuiita hofu. Niliiita subira. Nilijiambia mambo yatatulia, kampuni itasahau, usikurupuke, Sospeter, umewahi kumkalia mpishi. Mtu mzima akitaka kujidanganya hakosi msamiati.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini, jengo moja karibu na Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Madam wa kampuni alikuwa na faili la Mwende mezani. Alimuuliza tena alimwachia nani. Mwende akasema, "Sisi hatutajani, madam. Mwenyewe atasema." Madam hakuelewa desturi hiyo, na angeielewaje. Akanigeukia. "Mister Sospeter, wewe ulikuwa kituo cha jirani. Uliona nini?"

Chumba kilikuwa baridi. Mwende mara hii alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu, kwa imani kabisa, kama mtu aliyeona basi lake linakuja.

"Madam," nikasema, "mimi nilikuwa nawatazama watu wangu."

Madam akaandika. Kuacha kituo bila ruhusa, geti wazi, uongo wa kumsingizia mwenzake asiyejulikana. Alama hiyo ikiingia kwenye faili la mlinzi, haombi tena ulinzi kule. Mtihani ukafutwa. Viza, alisema, itashughulikiwa.

Jioni hiyo Khamis hakuja kwenye kontena. Nilimfuata alikokuwa, anavuta mpira wa maji kuunyunyizia udongo. Hakuacha kazi.

"Mie hukaa kule ng'ambo kila mechi," alisema. "Niwatazamapo nyie walinzi naona migongo. Mwaka na nusu naona migongo. Siku ile nikauona uso wako."

Nikainamia mistari yake ya chaki.

"Sikusema. Mie si mlinzi, na Mwende kaniambia nisiseme, utasema mwenyewe. Nikakungoja." Akafunga maji. "Sospeter, twagombana mie na wewe tangu mwaka jana habari za Bado. Biju katuambia ya kwenye basi, mie na Mwende. Bado aacha mibaya. Wewe umeachia mizuri mitatu."

Ingefaa niwaambie kwamba niliondoka pale mbio kwenda kwa madam. Nililala kwanza. Nilikwenda asubuhi ya pili yake, kabla ya zamu, nguo zimepigwa pasi, hotuba nimeifanyia mazoezi. Nilimweleza madam kila kitu: nishikie, nimeshika, kugeuka, Bado. Alinisikiliza hadi mwisho, tena kwa upole.

"Khalas, imekwisha, Mister Sospeter," akasema. "Viza yake imefutwa jana. Tiketi imetoka." Akalifunga faili. "Na wewe unamaliza hivi karibuni. Sina mtu wa kukuweka mahali pako. Rudi kazini."

Hawakuniadhibu. Hilo nataka mlisikie vizuri, kwa sababu mtakutana na watu wa kuwaambia kwamba ukisema kweli hata kwa kuchelewa unapata amani. Nilisema kweli siku ambayo haikunigharimu chochote wala kumsaidia yeyote. Walinipa mkono siku ya kustaafu na keki yenye jina langu. Kuna uvivu na kuna woga, na vyote viwili vikivaa nguo za subira vinasalimiwa kwa heshima popote viendako. Yule Bado niliyemcheka alikuwa anafanya kazi kila mara alipoacha mpira. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama tu na rungu.

Mwende aliondoka mchana wa Ijumaa. Nilimkuta kwenye uwanja wa kambi yetu, begi limefungwa kwa utepe wa gundi, wenzake wa chumbani wamemzunguka. Waliponiona walisogea pembeni, maana habari zilikuwa zimeshafika. Nilimwambia nimekwenda kwa madam. Nilimwambia nimesema yote.

"Nimesikia, Mzee," akasema. "Asante."

Gari la uwanja wa ndege likaingia. Dereva akapiga honi, "Yalla, yalla." Mwende akanipa mkono wa kulia na kuushika mkono huo kwa ule wa kushoto, vile mtu anavyomsalimu baba yake, na heshima hiyo iliniuma kuliko tusi lolote ambalo angenitukana.

"Lakini nikuulize kitu," akasema. "Kwa Biju kwenye basi, na kwa madam pale ofisini. Ulikuwa unangoja mpira gani?"

Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa, akapanda gari, na mimi nikarudi kazini kumalizia miezi yangu minne.